Mfumo wa yadi ya makontena: tuendelee na ORM au tuandike SQL wenyewe?

Mwana_Mikindani ameuliza:

Assalamu alaykum ndugu zangu wa fani ya programu hapa Mombasa na kwingineko Pwani.

Ninaomba ushauri juu ya jambo linalotugawa kazini. Sisi ni kikundi kidogo cha wahandisi wa programu, na tunatengeneza mfumo wa yadi ya makontena iliyoko upande wa Changamwe. Mfumo unaandika kila kontena linapoingia langoni, mahali linapowekwa, wakati linapotoka, na tozo ya kulihifadhi baada ya kwisha siku za bure ambazo mteja amepewa katika mkataba wake. Tunatumia lugha ya Python na Django, yaani kiunzi cha kutengenezea mifumo ya wavuti, na hifadhidata yetu ni PostgreSQL. Tangu mwanzo kila kitu kimepitia ORM ya Django, yaani ile sehemu inayochukua mistari ya majedwali na kutukabidhi kama vitu vya Python, hata mtu anaweza kufanya kazi miezi mingi bila kuandika SQL, yaani lugha ya kuiuliza na kuiamuru hifadhidata.

Kilichozua mjadala ni ukurasa wa orodha ya makontena yaliyomo yadini, ambao msimamizi huufungua kila asubuhi kabla malori hayajapanga foleni. Yadi ilipokuwa na makontena machache ukurasa ulifunguka mara moja. Sasa unakawia kiasi kwamba makarani wameanza kurudi kwenye daftari. Mwenzetu mmoja anayeijua SQL vizuri anashikilia kwamba tuiache ORM kabisa kabla hatujaanza sehemu ya ankara na malipo, kwa sababu pesa hazitaki kubahatisha. Mwingine anasema tukiiacha tutajikuta tunaandika upya mambo ambayo Django inatufanyia bure, na kwamba SQL iliyotapakaa kila faili itatushinda kuitunza pindi mmoja wetu akiondoka. Mimi ndiye ninayetakiwa kuamua. Nyinyi mlioendesha mifumo ya namna hii kwa miaka, mliamua kwa kigezo gani?

Fundi_wa_Tudor amejibu:

Waalaykum salaam ndugu yangu. Ninakusihi usiihukumu ORM kabla hujaona inachotuma kwenye hifadhidata. Ukurasa unaozidi kuwa mzito kadiri makontena yanavyoongezeka mara nyingi una chanzo kimoja: orodha inaletwa kwa ulizo moja, kisha ukurasa unapotaja jina la mteja wa kila kontena, ORM inakwenda kuuliza upya mteja huyo ni nani, na inapotajwa kampuni ya meli inakwenda tena. Makontena 500 yatazaa maulizo 1,001, yaani moja la orodha, 500 ya wateja na 500 ya kampuni za meli. Ikiwa seva ya programu na hifadhidata zimekaa pamoja, na kila ulizo linachukua milisekunde 2 kwenda na kurudi, msimamizi atasubiri sekunde 2 hivi na huenda akavumilia. Ikiwa hifadhidata yenu imekodiwa ng'ambo na safari moja inachukua milisekunde 150, hesabu ileile inafika dakika mbili na nusu, ingawa PostgreSQL yenyewe haijafanya kazi yoyote ya maana.

Dawa yake imo ndani ya Django. Kwa safu inayorejelea mstari mmoja wa jedwali jingine, kama mteja wa kontena, mtatumia `select_related`, nayo itaunganisha majedwali hayo katika ulizo moja kwa JOIN. Kwa upande wa vitu vingi, kama miendo yote ya kontena, mtatumia `prefetch_related`, ambayo hutuma ulizo la pili linaloleta miendo ya makontena yote kwa pamoja, kisha Python ikagawanya kila mwendo kwa kontena lake. Mkishafanya hivyo, andikeni jaribio lenye `assertNumQueries`, ili siku mtu akiongeza safu mpya kwenye ukurasa na maulizo yakaanza kuzaana tena, jaribio lianguke kabla ya msimamizi kugundua.

Kuna jambo moja ambalo mwenzenu anayetaka kuiacha ORM huenda hajalipima. Django hutengeneza yenyewe faharasa, yaani orodha ya kutafutia mistari haraka, kwa kila safu inayorejelea jedwali jingine. PostgreSQL haifanyi hivyo: mkiandika `CREATE TABLE` kwa mkono na kuweka `REFERENCES`, itahakikisha mteja anayetajwa yupo, lakini haitaweka faharasa kwenye safu hiyo. Nimeona mifumo iliyoandikwa kwa SQL tupu ikilemewa kwa sababu hiyo peke yake, huku wenyewe wakiamini kwamba kuiepuka ORM kumewahakikishia kasi. Ninyi endeleeni na ORM, lakini msiiache ifanye kazi gizani.

Mlinzi_wa_Majedwali amejibu:

Ninakubaliana na ndugu Fundi wa Tudor kuhusu chanzo cha ukurasa kukawia, ila sikubaliani na mahali alipoishia. Kigezo ninachokitumia mimi ni kujiuliza kama kazi iliyo mbele yangu inahusu kitu kimoja au kundi zima. Karani anapolisajili kontena moja langoni, akasahihisha nambari ya lori au akabadilisha jina la wakala wa mteja, hiyo ni kazi ya kitu kimoja, na ORM inaifanya vizuri: inakagua fomu, inahifadhi, inaonyesha kosa. Lakini tozo za usiku kwa makontena yote, ripoti ya siku ambazo makontena ya kila mteja yamekaa yadini, au orodha ya makontena yaliyohamishwa mara nyingi kuliko kawaida, hizo ni kazi za kundi, na SQL iliundwa kwa ajili ya makundi tangu asili yake. E. F. Codd wa IBM alipoeleza mwaka 1970 namna ya kupanga data katika mahusiano, na Donald Chamberlin na Raymond Boyce walipobuni mwaka 1974 lugha iliyokuja kuitwa SQL, walitaka mtu aseme anachokitaka kuhusu kundi lote, kisha mashine yenyewe itafute njia ya kukipata.

Chukua hizo tozo za usiku. Kwa mazoea ya ORM, mtu ataandika kitanzi kinacholeta kila kontena, kikasoma mkataba, kikahesabu siku, kikahifadhi mstari wa tozo, kisha kikahamia kontena linalofuata. Kwa SQL ni tamko moja la `INSERT` linalolishwa na `SELECT`: unganisha makontena na mikataba, toa siku za bure, zidisha kwa kiwango, weka matokeo. Liko ndani ya muamala mmoja, yaani ama yote yanahifadhiwa au hakuna kinachohifadhiwa, kwa hiyo umeme ukikatika katikati hamtabaki na nusu ya wateja waliotozwa na nusu ambao hawakutozwa. Kitanzi nacho kinaweza kufungwa ndani ya muamala, ninalijua hilo, lakini kitaushikilia kwa muda mrefu zaidi, na makarani wa zamu ya usiku wataona mistari imefungiwa.

Vilevile kuna maswali ambayo katika SQL yana umbo fupi na linalosomeka. Kujua kila kontena liko wapi sasa, kutokana na jedwali la miendo, kunahitaji mistari hii tu:

```
SELECT DISTINCT ON (kontena_id) kontena_id, mahali, muda
FROM miendo
ORDER BY kontena_id, muda DESC;
```

Ninajua Django inaweza kutoa ulizo hilihili kwa kutumia `distinct` na `order_by`, na tangu toleo la 2.0 la Desemba 2017 inazo hata hesabu za dirisha, kama ile ya kulinganisha kila mwendo na unaoufuata ili kupata muda ambao kontena lilikaa mahali fulani. PostgreSQL yenyewe inazo hesabu hizo tangu toleo la 8.4 la mwaka 2009. Kipimo changu hapa ni msomaji. Ikiwa mhandisi anaanza kwa kuandika SQL kichwani, kisha anahangaika kuitafsiri kwa lugha ya ORM, halafu anachapisha SQL iliyotoka ili ahakikishe kwamba ni ile aliyoitaka, basi aiandike SQL yenyewe na kuwapunguzia kazi watakaokuja baada yake.

Kuhusu hofu ya SQL kutapakaa, hofu hiyo ina msingi na tiba yake ni ya mpangilio. Wekeni ripoti zote katika moduli moja, kila ulizo liwe ndani ya kitendakazi chenye jina linaloeleza linaleta nini, na pasiwepo ukurasa unaogusa hifadhidata kwa SQL nje ya hapo. Ripoti zinazotumika mahali pengi zinaweza kuhifadhiwa ndani ya hifadhidata kwa `CREATE VIEW`, nayo Django itazisoma kana kwamba ni majedwali ya kawaida mkiiambia kwa `managed = False` isijaribu kuyaunda.

Jambo la mwisho kwangu, na ndilo ninalolipa uzito kuliko yote. Sheria za yadi ziwe ndani ya hifadhidata, yeyote awaye anayeiandikia. Makontena mawili hayawezi kukaa mahali pamoja kwa wakati mmoja. Mahali nikimaanisha bloku, mstari na ngazi, maana makontena hupangwa juu kwa juu. Msiliachie sharti hili `if` ya Python, kwa sababu makarani wawili wakibonyeza kwa pamoja, kila mmoja ataona mahali pako wazi na wote wawili watahifadhi. PostgreSQL ina sharti la `EXCLUDE` tangu toleo la 9.0 la mwaka 2010, na aina za data za vipindi vya muda tangu 9.2 la mwaka 2012. Ukiviunganisha, pamoja na kiendelezi cha `btree_gist`, hifadhidata yenyewe inakataa vipindi viwili vinavyogongana mahali pamoja. Django nayo inaweza kulitangaza sharti hilo tangu toleo la 3.0. Hapo mabishano ya ORM na SQL yanapungua makali, kwa kuwa hata atakayeandika kwa njia mbaya hataweza kuharibu data.

Msimbo_na_Mizani amejibu:

Assalamu alaykum. Wenzangu wamezungumzia kasi na mpangilio, na mimi ningependa kuzungumzia usahihi, kwa kuwa ndugu muulizaji anaelekea kwenye ankara na malipo.

Nianze na usalama. Mkiandika SQL kwa mkono, kamwe msiunganishe maneno aliyoyaandika mtumiaji na maneno ya SQL. Nambari ya kontena inayotafutwa iachwe kama alama ya `%s`, na thamani yake ipitishwe kando kwenye `execute`, ili isije ikasomwa kama amri. Lakini jueni kwamba njia hiyo ni kwa thamani tu. Jina la safu ya kupangia orodha haliwezi kupitishwa hivyo, na hapo ndipo wengi huteleza, hata wale walioshika kanuni vizuri mahali pengine. Linganisheni ombi la mtumiaji na orodha ya majina mliyoyaruhusu wenyewe, na lisilokuwemo likataliwe. ORM inawakinga kwa kawaida, ila kinga hiyo inakoma mara mtu anapotumia `raw` au `extra` na kuunganisha maneno.

Pili ni salio la mteja, yaani deni lililobaki. Msimbo unaosoma salio, ukatoa malipo, kisha ukaita `save`, unaonekana hauna dosari, na katika majaribio ya mtu mmoja hautaonyesha dosari. Makarani wawili wakipokea malipo ya mteja mmoja kwa wakati mmoja, wote wanasoma 80,000. Mmoja anatoa 30,000 na kuandika 50,000, wa pili anatoa 20,000 na kuandika 60,000, na malipo ya 30,000 yanapotea bila alama yoyote. Zaidi ya hapo, `save` ya Django huandika safu zote za mstari, siyo ile iliyobadilika peke yake. Kwa hiyo karani aliyefungua taarifa za mteja ili kusahihisha nambari ya simu anaweza kurudisha salio la zamani bila kuligusa. Katika SQL ungeandika `UPDATE` inayosema salio jipya ni salio lililopo kutoa 30,000, na hifadhidata ingewapanga makarani hao mmoja baada ya mwingine. Katika ORM mtapata jambo lilelile kwa `F`, inayoiachia hifadhidata hesabu hiyo, au kwa `select_for_update`, inayoufungia mstari kwanza, ndani ya muamala, na kwa kutaja safu zilizobadilika kwa `update_fields` mnapohifadhi. Hapa mwenzenu anayeogopa ORM ana hoja: anayeijua SQL ataliona tatizo hili mapema, na aliyezoea vitu vya Python huenda asilione. Mimi ningeenda mbali zaidi nisihifadhi salio kabisa; kila ankara na kila malipo yawe mstari wake, usiofutwa, na salio liwe jumla yake. Na safu za pesa ziwe za aina ya `numeric`, si `float`, ili senti zisiyeyuke.

Tatu ni saa, na hapa SQL tupu ndiyo inayoweza kuwaponza. Mkiwa mmewasha `USE_TZ`, yaani mpangilio wa saa za kanda, Django hufungua muunganisho wake na PostgreSQL kwa saa za UTC, yaani saa za rejeleo za dunia, hata kama mmetaja Africa/Nairobi katika mipangilio. Sisi tuko mbele ya UTC kwa saa tatu. Mtu akiandika ripoti ya SQL inayohesabu makontena kwa siku kwa kukata muda kufikia tarehe, makontena yote yaliyoingia kati ya saa sita usiku na saa tisa usiku yatahesabiwa katika siku iliyotangulia. Yadi zinazopokea mizigo usiku zitaathirika sana, na tozo itakosewa kwa siku nzima. ORM kwa `TruncDate` inajigeuzia saa za mahali yenyewe. Katika SQL ni lazima mwandike wazi `AT TIME ZONE 'Africa/Nairobi'` kabla ya kukata. Ripoti ya namna hii haitoi kosa lolote, inatoa nambari zinazokaribia ukweli, na ndiyo sababu ninaiogopa kuliko ukurasa unaokawia.

Mwana_Mikindani ameandika:

Jazakumullahu khayran ndugu zangu. Tumeutazama ukurasa ule kama alivyoelekeza ndugu Fundi wa Tudor, na kweli kila kontena lilikuwa likizaa maulizo yake. Baada ya kuongeza `select_related` ukurasa unafunguka kama zamani. Nimewaeleza wenzangu kwamba usajili wa lango na taarifa za wateja vitabaki kwenye ORM, tozo za usiku na ripoti zitaandikwa kwa SQL katika moduli moja, na sharti la mahali kontena linapokaa litawekwa ndani ya hifadhidata kabla ya sehemu ya ankara kuanza.

Limebaki pingamizi moja. Yule anayetetea ORM anasema kwamba tukiandika SQL ya PostgreSQL tutakuwa tumejifunga, na siku mteja mwingine akitaka hifadhidata ya MySQL hatutaweza kumhudumia. Pia majaribio yetu yote yanaendeshwa kwa hifadhidata ndogo ya SQLite kwa sababu ni nyepesi kwenye kompyuta zetu. Mnaonaje?

Mlinzi_wa_Majedwali amejibu:

Ndugu yangu, yadi moja tayari inawalipa na inatumia PostgreSQL, na mteja wa MySQL bado hajapatikana. Mkijinyima sharti la `EXCLUDE` kwa ajili ya mteja asiyekuwepo, makontena mawili yatagombania mahali pamoja katika yadi iliyopo. Na hata mkibaki ndani ya ORM peke yake, kuhamisha data iliyokwisha kukaa miaka ni kazi nzito ya aina za data, herufi, saa na miamala, ambayo hakuna ORM inayoifanya kwa kubadilisha mstari mmoja wa mipangilio.

Kuhusu majaribio, acheni SQLite leo hii. Haina sharti la `EXCLUDE`, inalegeza aina za data kuliko PostgreSQL, na `select_for_update` ya Django haina athari yoyote juu yake. Maana yake ni kwamba kinga ya malipo kwa kufungia mistari aliyoieleza ndugu Msimbo na Mizani ingepita majaribio bila kujaribiwa. Sakinisheni PostgreSQL kwenye kila kompyuta, toleo lilelile la seva yenu.

Fundi_wa_Tudor amejibu:

Ninaafikiana na ndugu Mlinzi katika hili bila masharti. Ninaongeza la kuwasaidia mtakapoanza kuandika ripoti. Washeni kiendelezi cha `pg_stat_statements` kwenye seva. Kitawaonyesha ni maulizo yapi yanayokula muda mwingi kwa jumla, yawe yametoka kwa ORM au yameandikwa kwa mkono, na mara nyingi linaloongoza ni ulizo dogo linaloitwa mara nyingi mno, ambalo hakuna aliyelishuku. Baada ya hapo chunguzeni ulizo lenyewe kwa `EXPLAIN ANALYZE`, inayoonyesha njia ambayo PostgreSQL imeipitia na muda uliotumika, mkiwa na data yenye ukubwa unaokaribiana na wa yadi, kwa kuwa PostgreSQL huchagua njia tofauti kwa mistari 100 na kwa mistari milioni moja. Lakini mwambieni kila mmoja kazini kwamba `ANALYZE` hapo inalitekeleza tamko kikweli. Mkitaka kuchunguza ile `INSERT` ya tozo za usiku au `UPDATE` yoyote, anzeni na `BEGIN` na mmalizie na `ROLLBACK`, inayofuta yote yaliyofanyika tangu `BEGIN`, vinginevyo wateja wote wa yadi watatozwa mara ya pili mchana.